Soma Kutoka Mkiani

Chumba cha mafaili, hospitali ya rufaa, Kisumu,
wiki ya kwanza ya kibarua changu.
Nilipachika 48-17-63 ubavuni mwa 48-17-62
kama nilivyofunzwa darasa la pili,
na Bi Rosebella Amolo akalichomoa bila kuniangalia.

"Hawa hawajuani," akasema.
"Humu tunasoma kutoka mkiani.
Sitini na mbili anakaa na sitini na mbili mwenzake,
hata kama mmoja kazaliwa juzi
na mwingine ana kadi iliyoandikwa kwa kalamu ya wino."

Kulia kwanza. Halafu katikati.
Kushoto mwisho, ukipata nafasi.

Sababu yake ilikuwa ya kifundi tu:
wagonjwa wapya huja na namba zilizofanana mbele,
wangerundikana rafu moja, nasi tukanyagane hapo.
Mkia huwatawanya ukutani kote.

Siku moja akaja kijana kutoka Nyamasaria
na kadi ya mama yake, Perpetua Adoyo.
Panya walikuwa wamekula upande wa kushoto.
Ilibaki 17-62.
Nilifungua mdomo niseme haiwezekani;
Bi Rosebella alikwishafika rafuni.
Mafaili manne, wima, yamebanana.
La tatu.

Jioni ile, Maseno, Dakta Shivachi aliandika ubaoni
mwaka tu: 1897.
Reli ilikuwa bado mbali, haijafika ziwani,
na Mjerumani mmoja (jina lake nililikosea mara mbili daftarini)
alikuwa akizitazama namba
kwa jicho la mtu aliyezoea fomula.
Fomula huisogelei kwa jumla.
Unachagua nukta, unapiga magoti hapo,
unaifunua kipeo baada ya kipeo.
Akauliza: je, namba tasa zikiwa ndizo nukta?
Akashika moja, tuseme tano,
akaifunua namba kwa vipeo vyake,
tarakimu zikitambaa kushoto bila kikomo,
na kila kipeo kipya, badala ya kuwa kikubwa,
kikahesabiwa kuwa kidogo kuliko kilichopita.

Hakuwa na futi ya kupimia alichokishika.
Waliokuja na futi walikuja baadaye, mwongo mmoja, miwili,
wakapima, wakakubaliana: ndiyo, huu ni umbali,
ingawa kila pembetatu humu ina pande mbili sawa
na kila aliye ndani ya duara ni kitovu chake.
Ukaribu ulikuwepo. Jina ndilo lililochelewa.

Nilicheka darasani. Peke yangu.
"Kuna nini, Wekhomba?"
Nikasema rafu hizo nazifahamu, huzifuta vumbi kila Jumatatu.
Akanisikiliza hadi mwisho, chaki imemganda mkononi.
"Ila zenu ni za kumi," akasema,
"na kumi ni ubao wenye ufa:
mbili upande huu, tano upande ule.
Yeye alichagua mbao zisizopasuka."

Sijui kwa nini nilitaka Bi Rosebella ajue.
Siku ya mshahara nilimwandikia nyuma ya fomu tupu
tisa, na tisa, na tisa, kuelekea kushoto,
mpaka karatasi ikaisha
nikaendelea kwa kidole juu ya meza.
Ongeza moja, nikamwambia.
Sufuri, beba moja.
Sufuri, beba moja.
Alifika ukingoni mwa karatasi akiwa bado amebeba.
"Na huko mbele?"
Vivyo hivyo.
"Kwa hiyo inabaki sufuri."
Inabaki sufuri.

Akaitazama ile safu ya tisa
kama anavyotazama bili ya mtu asiye na bima.
"Kumbe si tajiri huyu," akasema polepole.
"Anadaiwa shilingi moja."

Akaikunja fomu mara mbili, akavaa miwani,
akaenda kuipachika rafu ya tisini na tisa.